Gunia la Kilo Hamsini na Nane

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku tu wazima. Paa lililokuwa likivuja juu ya jiko limeacha kuvuja, si kwa sababu fundi alikuja bali kwa sababu mvua imekatika. Fundi bado anakuja. Mama yako Mkubwa hajambo, amelala tu, anakusalimu na anauliza kama unakula. Ndiye atakayeifunga bahasha hii, maana mimi nikishika gundi naipaka mpaka kwenye stempu.

Sasa haja yangu. Marehemu baba yako aliwahi kuniambia kwamba una cheti cha ualimu wa mazoezi, na kwamba kuna watu wazima wanaotoka majumbani mwao kwa hiari yao kwenda kunyanyua vyuma huku wewe umesimama unawatazama. Nilidhani anatia chumvi. Sasa nataka unifundishe na mimi.

Nina miaka sitini na saba. Goti la kulia linalalamika nikipanda ngazi, na maisha yangu yote sijabeba kitu kizito kuliko daftari. Nataka niweze kunyanyua gunia moja la kilo hamsini na nane. Limekaa chini kidogo, usawa wa goti. Nataka kulitoa hapo nikaliweka kwenye kiti, kisha kulitoa kwenye kiti nikalifikisha bafuni, na kulirudisha. Halitakiwi kutupwa wala kuburutwa. Niwe tayari mwisho wa Mei.

Usiniulize la nini. Na usipige simu. Sikio langu unalijua, ukipiga inabidi nipaaze sauti, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Ni mimi,
Baba yako Mkubwa

17 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa, na shikamoo nyingine umfikishie Mama Mkubwa. Mwambie nakula, tena wakati mwingine nakula nikiwa nimekaa.

Mimi mzima. Kazini kuna mambo mapya. Mwenye jimu ametundika ubao mlangoni: atakayenyanyua chuma mara nyingi zaidi kabla ya mwisho wa Machi, picha yake itawekwa kwenye fremu pale tunapoweka viatu. Tangu siku hiyo watu wananyanyua kama wanaofukuzwa. Hakuna anayeshusha chuma, wote wanakidondosha. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sitauliza la nini. Nitauliza tu, Baba Mkubwa, ni gunia gani linalopelekwa bafuni?

Wakati unatafuta jibu, anza hivi. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisikukimbie. Kaa. Miguu ipanuke kiasi cha mabega, visigino visibanduke sakafuni. Inuka bila kushika kitu. Kisha shuka polepole huku ukihesabu moja mpaka nne, usijiachie ukadondoka. Hapo umefanya mara moja. Fanya mara tano, pumzika dakika mbili, rudia tena, mpaka zitimie raundi tatu. Kesho yake usifanye chochote. Keshokutwa uanze upya.

Ni mara tano. Usiongeze hata moja. Ukiona ni rahisi, shuka polepole zaidi.

Binti yako

2 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa, nadhani tarishi alikutana na mvua iliyotukimbia sisi. Huku salama. Paa halijambo. Mama yako Mkubwa anasema kula umekaa ni mwanzo mzuri.

Mazoezi nimeyaanza kwa kishindo. Uliandika mara tano. Nikajua kalamu yako imesahau sifuri, nikaiweka mwenyewe. Siku ya kwanza nilifanya arobaini na kitu, kwa sababu pumzi ilikataa kufika hamsini. Siku ya pili tisini. Leo ni siku ya kumi na nimefanya mia moja na arobaini kabla ya chai. Siku ya kupumzika naifanya pia, ila kidogo, kama themanini hivi, maana siku isiyo na alama sitajua niandike nini.

Alama naziweka kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Vijiti vinne na cha tano kinakatiza juu yake. Wewe hukuniona kazini, ulikuwa mdogo. Miaka thelathini na moja nilisimama kwenye mlango wa bohari nikihesabu magunia yanayopita mabegani mwa wachukuzi. Sikubeba hata moja. Lakini hakuna lililopita bila kijiti chake. Mkuu wetu alikuwa anauliza jambo moja tu jioni: mangapi? Si mazuri kiasi gani, wala yamebebwa vipi. Mangapi. Kwa hiyo kazi ninayoijua mimi ni hiyo.

Magoti yote mawili sasa yanalalamika, jambo ambalo nimelichukua kuwa ni usawa. Mgongo nao umeanza kunisemesha asubuhi. Najikaza kisabuni.

Kuhusu swali lako: gunia ni gunia. Juzi nilipofika mara sabini, nikikaa na kuinuka kama mtu aliyekalia siafu, lilicheka. Nikalinyamazisha, nikaendelea.

Baba yako Mkubwa

16 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini magoti yamepoa na fundi wa paa ameonekana.

Magunia hayacheki.

Nimempigia kaka mkubwa, mwanao wa kwanza. Hukuniambia nisimpigie yeye, ulisema nisipige kwako. Ameniambia kwamba Mama Mkubwa alianguka bafuni mwezi wa kumi na moja akavunjika nyonga, kwamba alipasuliwa na kufungwa chuma, na kwamba tangu hapo hajasimama. Miezi minne, Baba Mkubwa! Na barua yako ya kwanza inaniambia hajambo, amelala tu. Nililia. Nikakasirika, kisha nikalia tena, kisha nikaenda kazini nikamfokea mteja ambaye hakuwa na kosa lolote. Mama yangu mzazi alipokuwa hospitali nilikaa kwenu miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu Mama Mkubwa ndiye aliyenibeba. Nilikuwa na haki ya kujua.

Basi. Nimesema, yameisha. Turudi kwenye kazi.

Nakuuliza jambo la bohari. Mchukuzi akipita mlangoni na gunia lililotoboka, nusu ya mzigo imemwagika njiani, ulikuwa unaliwekea kijiti?

Najua jibu. Sasa zile mia moja na arobaini zako: ngapi ulishuka kwa hesabu ya nne? Ngapi visigino vilikaa chini? Ngapi hukusukuma kiti kwa mikono? Wewe unajaza ukuta kwa magunia yaliyotoboka, na ndiyo maana magoti yanalia na mguu hauongezeki nguvu. Ikifika siku ya kumbeba mtu, hutabeba mara mia. Utabeba mara moja, na hiyo moja haitakuwa na ya kurudia.

Hamishia kiti chumbani. Mweke Mama Mkubwa awe karani, awe anatazama na kuamua: zima, au limevuja. Kijiti kiwekwe akisema zima tu. Rudi kwenye mara tano, raundi tatu, na siku ya kupumzika upumzike.

Binti yako

1 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilirudi kuisoma barua yako. Huku wazima. Sitaandika tena neno hilo bila kulieleza. Mimi mzima, Mama yako Mkubwa hawezi kusimama, paa linavuja.

Hapana, gunia lililotoboka hatukuliwekea kijiti. Lilirudishwa. Niligombana na wachukuzi watu wazima wenye shingo kama magogo kwa ajili ya gunia lililovuja kiganja kimoja, na sikukubali. Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikwenda jikoni nikautazama ukuta. Kisha nikachukua kitambaa kibichi nikafuta. Vilikuwa vijiti elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Jikoni sasa kuna wingu jeusi kutoka dirishani hadi kwenye kabati.

Nikueleze yote, maana umeshayajua nusu. Daktari alisema baada ya wiki chache asimame kwa kushikiliwa. Nilimshikilia mimi. Nikainama, nikamzungushia mikono, nikavuta kwa mgongo. Alifika nusu, mimi nikafika nusu, tukaanguka wote wawili kati ya kitanda na ukuta. Hakuumia. Tulikaa pale chini mpaka fundi viatu wa jirani aliposikia, akaja akatutoa. Tangu siku hiyo hataki kusimama tena. Hasemi anaogopa. Anasema leo amechoka. Anasema hivyo kila siku, na mimi najitia hamnazo, kwa sababu aliyemwangusha ni mimi.

Wanangu wanakuja siku ya mwisho ya Mei. Kaka yako mkubwa anataka kumchukua mama yake akakae kwake, ghorofa ya nne, ambako mkewe atamhudumia. Ana nafasi ya mtu mmoja. Alinieleza kwa heshima zote. Alisema, "Baba, wewe huwezi kumnyanyua, na tumeona." Ni kweli, habari za kuanguka kwetu ziliwafikia. Nimemwomba anipe mpaka Mei nimwonyeshe. Tumelala chumba kimoja miaka arobaini na moja. Mimi bila yeye sijui hata chumvi inakaa wapi, na hilo ndilo dogo.

Karani mpya ameanza kazi. Ni mkali kuliko mimi. Siku ya kwanza nilifanya mara kumi na tano, akapitisha mbili. Nyingine zote: limevuja, limevuja, visigino, umejiangusha, umeshika kiti nimekuona. Barua zako ananitaka nimsomee kwa sauti, na akinikamata nimeruka mstari ananirudisha. Barua hii nayo nimemsomea. Pale nilipofika kwenye kuanguka akasema niache kama ilivyo.

Mwandiko wako katika barua ya mwisho umelala upande. Vipi?

Baba yako Mkubwa

15 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa karani.

Mbili kati ya kumi na tano ni mwanzo wa kweli. Zile elfu moja mia tisa zilikuwa sifuri, kwa hiyo umepanda.

Hukumwangusha kwa sababu huna nguvu. Ulimwangusha kwa sababu ulivuta kwa mgongo, na ulisimama mbali naye. Sasa nakufundisha, ufuate mstari kwa mstari, na Mama Mkubwa asikuruhusu kuruka.

Shuka nzito ikunjwe, ifungwe kiunoni mwake kama mkanda. Hapo ndipo utakaposhika, usimshike makwapani. Asogee mpaka ukingoni mwa kitanda, miguu yake iguse sakafu. Wewe usimame mbele yake karibu kabisa, magoti yako yayakinge magoti yake. Shuka kama unavyoshuka kwenye kiti. Yeye aegemee kwako, pua yake ivuke vidole vya miguu yake. Hesabuni pamoja mpaka tatu. Kisha usimvute. Inuka tu wewe, kama unavyoinuka kwenye kiti, naye atakuja na wewe. Geukeni kwa hatua ndogo. Mshushe kwa hesabu ya nne.

Lakini usimguse bado. Jaza mfuko mchanga kilo ishirini, uuweke kitandani, ufungie shuka, ujifunze kwa huo. Karani akipitisha kumi mfululizo bila kuvuja, niandikie.

Mwandiko ni kalamu mbaya.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Fundi wa paa alikuja, akalitazama paa, akatikisa kichwa, akaondoka. Tunahesabu hiyo kuwa ni hatua.

Kwenye kiti sasa nafanya kumi na tano, karani anapitisha kumi na tatu. Sijawahi kufanya kidogo hivi na kuchoka hivi. Mara tano za kwanza nikizishusha kwa hesabu ya nne, mapaja yanatetemeka kuliko siku nilizofanya mia moja na arobaini. Goti limenyamaza. Asubuhi mgongo hauna la kuniambia. Nilimwambia karani kwamba inaniuma kidogo kuona ukuta una vijiti sitini na vitatu tu baada ya mwezi mzima. Akasema katika vijiti hivyo hakuna hata kimoja anachoweza kunirudishia.

Mfuko wa mchanga nimeunyanyua na kuuketisha kwenye kiti mara kumi mfululizo. Mama yako anauita mke mwenza.

Sasa sikia. Kalamu mbaya hukwaruza, au humwaga wino. Hailazi herufi upande wa pili. Nimesoma miandiko ya makarani miaka thelathini na moja, wakiwa wazima, wakiwa wagonjwa, na wengine wakiwa wamelewa. Huo wako ni mkono wa kushoto. Wewe si mtu wa mkono wa kushoto. Ulinisema kwa kuficha, na ulikuwa na haki. Mpaka uniambie mkono wa kulia uko wapi, sitakuambia kama nimemnyanyua mama yako au la.

Baba yako Mkubwa

9 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mkono wa kulia upo. Umefungwa kitambaa, umening'inia shingoni tangu tarehe kumi Machi.

Ule ubao wa mwenye jimu. Nilikuwa nawaambia wateja kila siku: punguzeni, shusheni polepole, kumi nzuri zinatosha. Mmoja akanijibu mbele ya watu kwamba anayesema kumi zinatosha ni yule asiyeweza mia. Kesho yake nikaanza kunyanyua. Nilisema nitafika elfu moja niwazibe midomo. Kuanzia mia tatu nilijua bega limechoka, maana chuma kilikuwa kinapanda kwa kujipinda. Kuanzia mia tano nilikuwa narusha tu. Mara ya mia sita na kumi na mbili bega likateguka, chuma kikaangukia mkeka, mimi nikakaa karibu nacho.

Picha yangu imetundikwa pale kwenye viatu. Hakuna mwingine aliyefika mia sita na kumi na mbili.

Siku sita baadaye nikakuandikia ile barua ya magunia yaliyotoboka. Nilikuwa najiandikia mwenyewe, ila anwani ilikuwa yako. Niliona aibu, Baba Mkubwa. Mwalimu aliyekuambia mara tano, na usiongeze hata moja.

Daktari amenipa zoezi langu. Nasimama ukutani, natembeza vidole juu mpaka mkono unapokataa, nashuka polepole. Mara tano. Nilimtazama kama ananitania.

Sasa nimesema. Mnyanyue. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kiti hadi bafuni, na kurudi. Kwa siku nzima Mama Mkubwa anahitaji mara nne. Hahitaji hata ya tano. Hakikisha tu hizo nne ni nzima.

Binti yako

20 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, karani akasema pole, kisha akasema mia sita na kumi na mbili zote zirudishwe. Mimi nimesema pole tu.

Bado sijamnyanyua. Mfuko nimeuongeza mpaka kilo arobaini na unapita. Shuka iko tayari, imekunjwa, imewekwa kichwani mwa kitanda. Kila asubuhi namwuliza, leo? Ananijibu leo amechoka. Jana nilimwuliza ni nini hasa. Akanijibu kwamba mfuko ukianguka hauvunjiki.

Zimebaki siku kumi na moja. Sikulazimishi ujibu, najua posta haitawahi. Nimeandika ili nisimwandikie kaka yako kwamba aje na gari.

Baba yako Mkubwa

2 Juni

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii sote maana yake ni wengi, kwa sababu wanangu wawili walikuwa hapa na wameondoka leo asubuhi. Paa linavuja. Nyumba nzima tulikesha tukihamisha ndoo, hakuna aliyelalamika.

Walifika tarehe thelathini na moja saa nne. Kaka yako mkubwa alikuwa na kiti cha magurudumu kwenye gari na nguo za mama yake tayari ameshaziulizia ziko wapi. Nikawaambia wakae kwenye benchi la chumbani. Mdogo wake alikaa. Yeye alisimama karibu na mimi, mikono tayari, kama mtu anayesubiri kudaka chungu.

Sikumwuliza mama yako kama amechoka. Nilimfungia shuka kiunoni, nikasimama karibu kabisa, magoti yangu kwenye magoti yake. Fundo la shuka nililifunga mara mbili. Akaniangalia. Akasema, "Visigino." Nikatazama chini, kweli, cha kushoto kilikuwa kimebanduka. Nikakirudisha. Akasema, "Haya." Tukahesabu mpaka tatu, mimi na yeye, kwa sauti moja, mbele ya watoto wetu. Nikainuka.

Mwanangu, alikuja. Hakuwa mzito nilivyodhani. Alikuja kama mlango unaofunguliwa. Kifua chake kilikuwa kwenye kifua changu na tulikuwa tumesimama, wote wawili, na mimi nilikuwa sijasimama na mke wangu tangu mwezi wa kumi na moja. Hapo nilisahau kugeuka. Nilisimama tu. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Akanong'ona kwamba kiti kiko upande wa kulia. Tukageuka kwa hatua ndogo, nikamshusha, moja, mbili, tatu, nne. Kiti hakikulia hata kidogo.

Kaka yako mkubwa akasema, "Baba, rudia tena tuone kama si bahati." Nami kichwa kikavimba, nikamshika tena shuka niwaonyeshe mara tatu, mara tano, mara kumi. Mama yako akaniondoa mkono. Akamwambia mwanawe, "Nimetolewa kitandani nimeketi. Unataka niketi mara ngapi?"

Hakurudia swali. Aliomba msumeno kwa fundi viatu, akatafuta mbao, na jioni bafuni kulikuwa na mbao ya kushikilia ukutani, imepigiliwa mpaka nyumba ikatikisika. Kiti cha magurudumu amekiacha. Nguo za mama yake amezirudisha kabatini mwenyewe, akazipanga vibaya.

Jikoni nimeweka kijiti kimoja, peke yake, mbali na vingine. Bega lako likoje? Nijibu kwa mkono wowote.

Baba yako Mkubwa

Mwanangu,

Hii ni karatasi ya pili, mwenzangu hajui imo. Bahasha nafunga mimi, kama unavyojua. Mimi ndiye gunia.

Nakushukuru, nitasema mara moja tu. Sasa jambo lenyewe. Baba yako Mkubwa amekuandikia kwamba sikuwa mzito alivyodhani. Ni kweli. Uliponifanya karani ulinilaza hapa nimtazame mtu akiinuka na kukaa, kwa hesabu ya nne, siku baada ya siku. Ukisikiliza kitu hicho kwa muda mrefu, miguu nayo inasikia. Alipokuwa anafanya tano zake, mimi chini ya shuka nilikuwa nakaza paja nikisukuma kisigino kwenye godoro. Tano, pumzika, tano, pumzika. Siku aliyopumzika nilipumzika. Nilipoona nimejidanganya sikuihesabu. Nilikuwa nikisema nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli, ila si kwa sababu anayoijua.

Kwa hiyo siku ile mbele ya wanangu alinyanyua labda kilo thelathini. Zilizobaki nilijibebea. Usimwambie bado. Amengoja nusu mwaka ajisamehe, na ameanza juzi.

Leo ametoka kumfuata fundi wa paa. Alikuwa ameniketisha kwenye kiti cha magurudumu, nikajisukuma mpaka bafuni, nikafunga breki, nikashika mbao ya mwanangu, nikaweka visigino chini, nikahesabu mpaka tatu. Hakukuwa na mtu mbele yangu. Nikainuka. Nilisimama nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikashuka polepole.

Ni mara moja tu. Haikuvuja.

Mama yako Mkubwa